Tahadhari ya Jumamosi

Kipaza sauti cha kijiji kilipotea Ijumaa jioni, na aliyekipoteza alikuwa Telesia, mke wa mtu aliyekabidhiwa kukitunza. Alikizamisha ndani ya gunia la maharage, chini kabisa, akalifunga gunia kwa kamba ya katani, mafundo matatu, kisha akarudi jikoni kuchambua mchele wa sherehe.

Mumewe, Nahumu, alikuwa mwangalizi wa mvua wa Itambalila, kijiji kilichoko nusu ya njia ukitoka Njombe kwenda Makambako. Miaka mitatu nyuma aliitwa Njombe kwenye semina ya siku mbili, akarudi na kipima mvua cha plastiki, cheti chenye jina lake lililokosewa herufi moja, na fulana ambayo sasa ilikuwa tambara la kupigia deki. Tangu hapo, kila asubuhi saa tatu kamili, alitoka uani, akachungulia maji kwenye kile kichupa, akaandika tarakimu kwenye daftari na kuituma Njombe kwa simu. Hakulipwa. Alishukuriwa sana, kila mwezi.

Kazi ya pili ya mwangalizi ilikuwa kutangaza. Utabiri ukitoka, Nahumu alipaswa kupanda kwenye kichuguu kilicho karibu na ofisi ya kijiji na kuwaambia watu kinachokuja, kwa kile kipaza sauti cha mkononi. Mwezi uliopita alitangaza angalizo la ngurumo na mvua ya mawe. Watu waliacha kupanda viazi, wakafungia mbuzi, wakakaa ndani siku nzima wakitazamana. Halikudondoka hata tone. Mvua ilipita kilima cha pili, ikapukutisha parachichi za watu wa ng'ambo ya mto, ambao bila shaka hawakuwa wametangaziwa na mtu. Kuanzia siku ile Nahumu akawa Bwana Angalizo. Dukani walimuuliza kama kesho jua litatoka upande uleule.

Basi Ijumaa asubuhi ndipo sauti ya Fidelis ilipoingia kwenye simu, katika kundi la waangalizi. Fidelis alikuwa kijana wa utabiri pale Njombe, mpole, mwenye adabu zote.

"Shikamooni wazee wangu. Kesho upepo wa kutoka Kongo utakutana na upepo wa kutoka baharini. Pale zinapokutana pepo hizo, mawingu yatapanda sana. Mstari wa makutano utaanzia Ludewa, utapita Njombe, utafika Makambako. Ni tahadhari, rangi ya chungwa. Radi, mvua ya mawe na upepo mkali. Kwa wazee wa Itambalila, kati ya saa nane na saa kumi na moja. Waambieni watu wasikae chini ya miti wala chini ya mahema."

Telesia aliisikiliza mara mbili. Jumamosi saa saba mchana, uani kwake, pangekuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga Jackline, binti yake wa kwanza, kabla ya harusi. Mahema mawili yalikuwa yameshalipiwa.

"Yaani Baba Jackline, mstari huo umekosa kote pa kulala," alisema, "umekuja kulala kwenye sherehe ya mwanangu?"

"Mstari haujui sherehe," alijibu Nahumu, akaenda kutafuta viatu vyake vya mkutano.

Kamati ya sherehe ilikaa mchana. Mwenyekiti wake, Elius, alikuwa mnunuzi wa parachichi na mtu wa mipango. Alikuwa ameorodhesha hadi idadi ya vijiti vya kuchokolea meno. Nahumu alileta mapendekezo mawili. Sherehe ianze saa nne asubuhi, saa saba watu wawe wameshakula na kuondoka; au ihamie kwenye madarasa ya shule, palipo na kuta. Elius alimsikiliza kwa subira ya mtu anayesikiliza mgonjwa. Alieleza kwamba mpambaji angetoka Makambako saa tatu, na haiwezekani wageni wafike kabla ya maua. Na kuhusu madarasa, wakwe watakaa kwenye madawati, magoti yakigusa kidevu?

Kumaliza ubishi wakampigia simu Mzee Kasimiri, baba mkubwa wa bwana harusi na msemaji wa upande ule. Elius alimweleza yote, simu ikiwa mezani, sauti imefunguliwa kila mtu asikie. Mzee Kasimiri akauliza swali moja tu.

"Huyo mzazi mwenzetu, anatabiri radi, au anatutumia?"

Hakuna aliyecheka. Itambalila radi ina njia mbili za kufika: moja kutoka mawinguni, nyingine kutoka kwa jirani. Watu wenye vyeti na wasio na vyeti wote wanalijua hilo, ingawa wenye vyeti hulisema kwa sauti ya chini. Telesia, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, aliona jinsi wanakamati walivyotazama meza. Akaona moyoni jinsi radi ingekuja baada ya tangazo, bintiye akirudishwa nyumbani kwa neno hilo moja, na mumewe akifa nalo. Ndiyo maana kipaza sauti kilikwenda kulala na maharage.

*

Jumamosi kulikucha kweupe, hakuna wingu hata la kufutia kioo. Wapambaji walifunga vitambaa vya zambarau kwenye nguzo za chuma za mahema, na kila aliyepita alimwomba Bwana Angalizo amwazime mwavuli. Nahumu alikuwa ametafuta kipaza sauti tangu alfajiri, chini ya kitanda, juu ya dari, hadi kwenye banda la kuku. Mwishowe alikwenda kichuguuni bila hicho, akatangaza kwa koo lake mwenyewe. Waliomsikia walikuwa wanawake wawili waliokuwa wakielekea kwake kumenya viazi, na hao walikuwa wanajua tayari.

Wakwe waliingia saa saba kasoro, basi lao dogo likiwa limeachwa barabarani kwa sababu ya utelezi wa juzi. Mzee Kasimiri alitangulia kwa koti refu na kofia ya manyoya. Nyuma yake mbuzi, jike jeupe, mwenye utepe mwekundu shingoni. Huyo alikuwa mbuzi wa mama, zawadi ya Telesia kwa kumnyonyesha Jackline. Walimfunga kwenye nguzo ya pembeni ya hema kubwa, aonekane kwenye picha.

Na nyuma ya mbuzi, bwana harusi, Praygod, fundi wa magari.

Telesia hakumwona. Hakuwa amewahi kumwona uso kwa uso. Kwa familia hizi mbili, mkwe na mama mkwe hawakutani macho, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na kugusana ni habari isiyozungumzwa kabisa. Mwiko huo hufunguliwa baadaye, mtoto wa kwanza akishazaliwa, kwa zawadi ya jembe na kitenge. Miezi yote ya uchumba Praygod alimsalimia kutoka nyuma ya ukuta wa jiko. Telesia alimjua kwa sauti, na kwa viatu, kwani mlango wa jiko haukufika chini: viatu vya kahawia, cha kushoto kikiwa na kamba ya rangi nyingine. Alivipenda viatu hivyo. Mtu anayefunga kamba isiyofanana ili mradi kiatu kisimtoke, aliwaza, hatamwacha mwanangu kwa sababu ndogo.

Kwa hiyo siku ya furaha yake mama wa binti aliiona kupitia tundu la dirisha la jikoni, moshi ukimwingia machoni.

*

Simu ya Nahumu ilikuwa na shughuli zake. Saa tano, mama Emerensiana, mwangalizi wa Lugarawa, kule Ludewa, alikuwa ametuma sauti: mawe ya ukubwa wa karanga, mabati yanalia. Saa sita kasoro, Mlangali: upepo umeezua choo cha shule, mahindi yamelala. Nahumu alisikiliza hayo akiwa meza kuu, simu sikioni, huku mshereheshaji, Anderson, akiwaambia wageni kwamba baba wa bibi harusi anapokea salamu za pongezi kutoka Ludewa. Watu walipiga makofi.

Saa saba na nusu alisimama, akaja mlango wa jikoni.

"Njombe imeshapiga," alimwambia mkewe. "Fidelis anasema mstari unakuja moja kwa moja. Tuna saa moja, labda pungufu. Mama Jackline, kipaza sauti kiko wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

Alimtazama. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa kusoma vichupa, lakini hata uso wa mkewe alikuwa anausoma. Akageuka, akaenda kumwomba Anderson maikrofoni.

Telesia alisikia yote pale dirishani. Mumewe alianza vizuri. Alieleza habari ya pepo mbili, akataja Lugarawa, akataja Mlangali, akasema nguzo hizi ni za chuma na wageni wanapendwa, ndiyo maana anawaomba waingie ndani sasa, kabla ya chakula. Aliposema kabla ya chakula akawapoteza. Mzee Kasimiri aliinuka bila kupewa nafasi.

"Tumekuja kuchukua mke," alisema. "Taarifa ya habari tutaisikiliza nyumbani."

Wakacheka, upande wa wakwe na upande wa binti, na wakwe walipoona upande wa binti unacheka wakaongeza. Anderson akachukua maikrofoni kutoka mkononi mwa Nahumu, taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akafungulia muziki. Nahumu alibaki amesimama katikati ya zambarau zote zile, mikono mitupu, suti ya kuazima ikimpwaya mgongoni. Jua liliwaka vizuri kabisa.

Telesia aliona mgongo ule na aibu ikampanda. Haikuwa aibu ya mumewe. Ilikuwa yake. Angeweza kumwona mtu huyu akichekwa na kijiji kizima na bado akala akashiba, kwani alishazoea. Lakini leo alikuwa amekisaidia kijiji kumcheka. Akaenda chumba cha nyuma, akapiga magoti mbele ya gunia. Mafundo matatu, na alikuwa ameyakaza kweli. Lile la mwisho alilifungua kwa meno.

*

Alipotoka nje, upande wa Njombe ulikuwa umeshabadilika. Juu ya vilima vya miti ya mbao kulikuwa na ukuta wa rangi ya chungu kilichoungua, chini yake mstari ulionyooka, na upepo wa baridi ulianza kuinua vitambaa. Telesia alisimama mlangoni pa jiko, mgongo ameuelekeza hemani ili asimtazame mkwe, akaweka kipaza sauti mdomoni. Maharage mawili yakadondoka.

"Mimi Mama Jackline," alisema. "Ingieni ndani. Wote. Chakula kitawafuata."

Kumsikia mama wa binti akiwaamrisha wakwe kwa kipaza sauti kungetosha kuvunja sherehe siku nyingine. Lakini upepo ulimuunga mkono. Ulichukua kofia ya Mzee Kasimiri, ukachukua keki, ukaliinua hema dogo na kulilaza juu ya paa la banda la kuku, na wageni waliokuja kuchukua mke wakaukimbilia mlango mmoja wenye upana wa mlango mmoja. Wa kwanza kupita, kwa umri wake wote, alikuwa Mzee Kasimiri. Aliingia hadi nyuma ya kabati la vyombo akachuchumaa hapo.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na jiko. Ndani ya dakika mbili vilijaa. Telesia alisukumwa hadi sebuleni, katikati ya mashangazi. Mawe yalianza kupiga bati. Jackline, shela imemkaa shingoni, alimshika mkono.

"Mama, Praygod yuko wapi?"

Hulda, dada yake Telesia, aliyekuwa dirishani, ndiye aliyejibu, na alijibu kama mtu anayesema jambo la kawaida. Bwana harusi yuko hemani. Anaingiaje, na mama mkwe yuko humu?

Telesia alichungulia. Kijana alikuwa amesimama pembeni mwa hema kubwa, karibu na mbuzi, ameikumbatia nguzo ya chuma kwa mikono miwili ili hema lisiruke. Alikuwa anaokoa mali ya kukodi. Anga lilipasuka upande wa shule, na hesabu ya kutoka mwanga hadi mlio haikufika tatu.

"Nitoke mimi, aingie," alisema Telesia. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na watu, na kila mmoja alimwambia avumilie, inapita. Kutoka nyuma ya kabati ikasikika sauti ya Mzee Kasimiri.

"Mwacheni. Mwanaume hafi kwa mvua."

Hapo Telesia akaanza kutumia viwiko. Hakuomba radhi. Alimkanyaga shangazi mmoja, akampita Elius na orodha yake, akatoka. Mawe yalimpiga kichwani na mabegani. Alikimbia akiangalia chini, na alichokiona kwanza ni viatu: kimoja kamba nyeusi, kimoja kamba nyeupe, vimelowa.

Akamshika mkono.

Praygod aliruka kama aliyeshikwa na moto. Aliachia nguzo mkono mmoja, akajifunika uso kwa koti.

"Mama, siruhusiwi."

"Na mimi siruhusiwi kukuzika," alisema Telesia. "Twende."

Alimvuta. Alikuwa mwanamke wa kubeba ndoo mbili za maji na kupanda mlima, na fundi wa magari alikuja. Walikuwa wamefika kizingitini, mguu mmoja ndani, uwanja mzima ulipogeuka mweupe. Mlio haukuwa na muda wa kufuata, vilikuja pamoja. Telesia aliusikia kwenye meno. Alipogeuka, hema kubwa lilikuwa limepiga magoti, vitambaa vya zambarau vinatoa moshi kwenye mvua, na mbuzi wa mama alikuwa amelala chini ya nguzo ya pembeni, miguu minne imenyooka, utepe wake shingoni.

Ndani watu waliwapisha. Hata mashangazi.

*

Saa tisa mawe yaliisha, ikabaki mvua ya kawaida, na heshima za watu zikaanza kurudi moja moja. Ya Mzee Kasimiri ilirudi mapema. Alitoka nyuma ya kabati, akajifuta utando wa buibui, akaomba kiti, akaketi katikati ya sebule. Bwana harusi alikuwa amekaa pembeni kabisa, uso ukutani, koti kichwani, kwa kumstahi mama mkwe. Telesia alikuwa mkekani, amelowa, kanga ya mtu mabegani.

Mzee Kasimiri alisema yako mambo mawili. La kwanza, radi. Alimgeukia Nahumu. "Ulisema saa nane hadi kumi na moja. Imekuja saa nane na nusu. Uliijuaje saa?"

Nahumu hakukasirika. Alitoa simu, akawasikilizisha mama Emerensiana wa Lugarawa, akawasikilizisha yule wa Mlangali, akaeleza jinsi mstari unavyotembea na jinsi mwangalizi mmoja anavyomwachia mwenzake. Mzee Kasimiri alifuatilia kwa makini.

"Kwa hiyo mko wengi," alisema.

Hilo wakaliacha kiporo, litazungumzwa Makambako. La pili lilikuwa wazi na mashahidi walikuwa chumba kizima. Mama mkwe amemshika mkwe wake mkono, hadharani, kabla ya kufunguliwa. Amemvuta. Amemwingiza chumba kimoja naye. Faini inajulikana, ni mbuzi mmoja. Bila mbuzi, wao watapanda basi lao, na binti atabaki.

Jackline alianza kulia bila sauti. Elius alifungua orodha yake, akaifunga. Telesia aliinua mkono, ule ule uliokosea, akaonyesha mlangoni.

"Mbuzi wenu yule pale, mzee. Alikuwa amesimama alipokuwa amesimama mwanenu."

Mzee Kasimiri alitazama nje, akatazama kando haraka. Akasema aliyepigwa na radi haliwi. Tena yule walikuja naye wao, hawezi kuwa faini yao wenyewe. Anatakiwa aliye hai.

Ndipo koti lilipotikisika pale pembeni. Praygod alilivua kichwani, akaligeuzia chumba uso. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa na kovu dogo kidevuni; Telesia hakuwahi kulijua lile kovu. Alivuka sebule katikati ya miguu ya watu, akafika mkekani, akakaa. Karibu naye, bega kwa bega. Akamtazama machoni.

"Shikamoo, mama."

Telesia alimsogezea nusu ya kanga. "Marahaba, mwanangu."

"Baba mkubwa," alisema Praygod bila kugeuka, "andika mbuzi wawili. Mmoja wa mama kunishika. Mwingine wangu, wa kukaa hapa. Wote nitalipa mimi."

Mzee Kasimiri alikuwa na kalamu mfukoni, kila mtu aliiona. Hakuitoa. Alitazama kalamu, akatazama mkeka, akatazama nje, ambako mbuzi alikuwa ananyeshewa. Papo hapo simu ya Nahumu ikalia. Alikuwa Fidelis. Nahumu alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, mawe ya ukubwa wa maharage, radi moja ndani ya uwanja, mtu hakuna aliyeumia. Kisha akasikiliza mstari unakoelekea sasa.

Alipokata simu, Mzee Kasimiri alikohoa. Kiti chake kilisogea mbele kidogo.

"Mzazi mwenzangu," alisema, sauti imepungua nusu. "Pale kwangu Makambako nimeanika ulezi. Na nyumba ya uani bati zake ni za kuegesha tu. Itafika saa ngapi?"

Telesia alimtangulia mumewe.

"Unataka tukutabirie, mzee," aliuliza, "au tukutumie?"

Hulda alicheka wa kwanza, mkono mdomoni, kisha shangazi aliyekanyagwa, kisha upande wa wakwe wote. Mzee Kasimiri hakucheka, lakini hakuinuka kwenda kwenye basi pia. Alikuwa anamtazama Nahumu, na Nahumu, ambaye hakuwahi kumnyima mtu jibu hata wale wa dukani, alikuwa ameshaangalia saa yake.

"Saa kumi kasorobo," alisema. "Wapigie sasa hivi, waingize ulezi, na wakae mbali na ile nyumba."

Mzee Kasimiri alitoa simu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, hakuweza kuzisoma namba, ikabidi Telesia amsomee.